Mlango wa Kwanza wa Elimu

Wahenga walisema, "Udongo uwahi ungali maji." Mfinyanzi angojaye udongo ukauke hapati chungu, hupata vigae. Methali hii hutajwa mara nyingi tunapowahimiza wazazi kuwafunza watoto wao adabu mapema, nayo ni methali ya kweli. Lakini upande wake wa pili hautajwi sana. Udongo mbichi hauchagui kidole. Kidole chema huacha alama njema, kidole kiovu huacha alama mbaya, na alama zote mbili hukauka pamoja na chungu. Mtoto wa miaka 4 hujifunza nyimbo, hesabu na salamu. Hujifunza vile vile ni nani wa kucheza naye na ni nani wa kuepukwa. Somo hilo la pili halimo katika ratiba ya shule yoyote, walakini hufundishwa kila siku, na walijifunzao ni wachache walisahauo.

Nia ya insha hii ni kufuatia habari za elimu ya watoto wadogo katika Kenya, na hasa katika mji wa Eldoret na mtaa wake wa Langas, ili tuone jinsi ubaguzi ulivyoingia katika elimu hiyo, jinsi ulivyobadili mavazi kila ulipofukuzwa, na kazi iliyobaki. Yafaa tangu mwanzo tukumbuke jambo moja: ubaguzi wa shuleni haukuota wenyewe kama majani ya porini. Ulijengwa na watu, kwa sheria na kwa desturi. Na kilichojengwa na watu, watu waweza kukibomoa.

Uwanda wa Uasin Gishu ulikuwa malisho ya Wamasai, kisha ya Wanandi, kabla ya bendera ya Uingereza kupandishwa huko. Wanandi waliwapinga Waingereza kwa silaha tangu mwaka 1895 hadi 1905, mwaka ambao kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa. Mwaka 1908 msafara mkubwa wa Makaburu kutoka Afrika ya Kusini, ukiongozwa na Jansen van Rensburg, ulipanda uwanda huo kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Ardhi ilipimwa na kugawanywa kwa nambari, na mji ukaanza katika shamba nambari 64. Ndiyo sababu wenyeji waliuita Sisibo. Jina la Eldoret lilipewa mji huo mwaka 1912, na reli ikaufikia mwaka 1924.

Katika mji huo kila mtu alikuwa na mahali pake alipopangiwa. Mzungu alikuwa bwana shamba au afisa, Mhindi alikuwa mwenye duka au fundi, na Mwafrika alikuwa kibarua aliyekaa kwa idhini ya mwajiri wake. Elimu ilifuata mpango uo huo. Mwaka 1909 J. Nelson Fraser, mtaalamu wa elimu aliyeitwa kutoka Bara Hindi, aliishauri serikali kwamba elimu ya Waafrika iwe hasa ya kazi za mikono, na kwamba mataifa yasomeshwe mbalimbali. Idara ya Elimu ilianzishwa mwaka 1911, na kwa miaka zaidi ya 50 iliyofuata mtoto wa Kenya aliulizwa rangi yake kwanza, akili yake baadaye. Mwaka 1942 sheria ilifanya elimu kuwa lazima kwa watoto wa Kizungu, na kwa wavulana wa Kihindi katika miji mikubwa. Kwa mtoto wa Kiafrika hapakuwa na sheria kama hiyo. Hesabu ya watu ya mwaka 1962 ilionyesha Wazungu wapatao 56,000, Waasia wapatao 177,000, na Waafrika zaidi ya milioni 8. Hivyo sheria iliwashika mkono wachache, na wengi waliachwa njiani.

Shule za watoto wadogo, ambazo leo twaziita chekechea, zilianza kuenea katika miaka ya 1940, nazo zilikuwa za Wazungu na Wahindi. Mtoto wa Kiafrika wa umri huo alibaki nyumbani na bibi yake, au aliandamana na ndugu zake machungani. Mama yake huenda alikuwa yaya katika nyumba ya bwana shamba. Hapa pana jambo la kutafakari. Mkono uliomwosha, kumlisha na kumbembeleza mtoto wa Kizungu ulikuwa mkono wa Kiafrika. Lakini watoto wawili waliolelewa na mkono huo mmoja hawakuruhusiwa kukaa katika benchi moja la shule.

Vituo vingi vya kwanza vya watoto wa Kiafrika vilizaliwa katika dhiki. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwezi Oktoba 1952, na baadaye watu wa Mkoa wa Kati wakakusanywa kwa nguvu vijijini, akina mama walitolewa kwenda kazi za shokoa, na watoto wakawekwa mahali pamoja wapate kulindwa na kupewa chakula. Katika mashamba makubwa ya chai, kahawa na miwa vilikuwako vituo vya namna hiyo pia. Havikuwekwa kwa ajili ya akili ya mtoto; viliwekwa kwa ajili ya mikono ya mama yake. Hata hivyo, humo ndimo mbegu ya chekechea za wananchi ilimopandwa.

Tusidhani kwamba ukuta wakati ule ulikuwa mmoja tu. Hata baina ya Wazungu wa Uasin Gishu palikuwa na mvutano: Makaburu walitaka watoto wao wafundishwe kwa lugha yao, na serikali ilitaka Kiingereza. Watu hao waliomdharau Mwafrika waliujua uchungu wa kuona lugha ya mama ikiachwa nje ya mlango wa shule. Wala uchungu huo haukuwafundisha huruma. Twajifunza hapa kwamba aliyeonja dhuluma si lazima aichukie; huenda akampitishia mwingine kikombe kile kile.

Basi ukuta wa rangi ulibomolewaje? Jambo la ajabu ni kwamba ulianza kubomolewa kutoka juu. Chuo cha Ufundi cha Kifalme cha Nairobi, ambacho ndicho mwanzo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kilipowapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956, kiliwapokea wa rangi zote. Vijana wa miaka 20, ambao mioyo yao ilikuwa imekwisha kukauka katika dhana walizolelewa nazo, waliruhusiwa kukaa pamoja. Watoto wa miaka 5, ambao wangalicheza pamoja bila kufundishwa, waliendelea kutengwa. Palikuwa na wachache waliothubutu kuanza chini, kama shule ya Hospital Hill ya Nairobi, iliyowaweka pamoja watoto wadogo wa rangi mbalimbali kabla ya Uhuru. Lakini hao walikuwa kama mshumaa katika ukumbi mkubwa. Ilibidi Uhuru uje mwezi Desemba 1963, na Tume ya Profesa Simeon Ominde itoe ripoti yake mwaka 1964, ndipo shule za rangi zikakomeshwa kuwa mpango wa serikali. Mlango wa kwanza wa elimu ulikuwa wa mwisho kufunguliwa. Na kama tutakavyoona, haukuwa mara ya mwisho jambo hilo kutokea.

Sasa tuingie Langas. Mtaa huu uko upande wa kusini wa mji wa Eldoret, katika nchi iliyokuwa mashamba ya walowezi. Baada ya Uhuru watu walifika kutoka kila pembe kutafuta kazi katika viwanda, mashamba, maduka na majenzi ya mji uliokuwa ukikua. Walikuja Waluhya, Wakikuyu, Wajaluo, Wakisii na Waturkana, wakakaa pamoja na Wakalenjin ambao ni wenyeji wa wilaya. Nyumba ziliota kwa haraka kuliko mabomba ya maji na njia. Sehemu moja ya mtaa ikaitwa Kisumu Ndogo, kwa maana mgeni hubeba jina la kwao kama abebavyo mkeka wake. Ua mmoja wa vyumba vya kupanga waweza kuwa na lugha tano, bomba moja na kamba moja ya kuanikia nguo.

Watoto wa ua kama huo hawahitaji kufundishwa umoja. Wanazaliwa ndani yake. Wakiwa na miaka 3 hupokezana maneno kama wapokezanavyo mpira wa matambara, na Kiswahili huwa uwanja wao wa kuchezea. Swali si jinsi ya kuwaunganisha. Swali ni nani huwatenganisha, na lini.

Mtenganishi wa kwanza alikuwa fedha. Mwito wa Harambee uliotolewa na Jomo Kenyatta uliwafanya wananchi kujenga chekechea kwa maelfu, kwa udongo, kwa mabati, na katika kumbi za makanisa. Ilikuwa kazi njema, na wengi wetu tulipata kusoma kwa sababu yake. Lakini mwalimu alilipwa kwa michango ya wazazi, na mzazi asiyekuwa na mchango alibaki na mtoto wake nyumbani. Wizara ya Elimu ilikabidhiwa elimu hiyo mwaka 1980. Kituo cha taifa cha kuitunza kikaundwa mwaka 1984, na vya wilaya vikaanza mwaka 1985, ili walimu wapate mafunzo. Karo, hata hivyo, iliendelea kutoka mfukoni mwa mzazi. Mwaka 1974 karo iliondolewa katika madarasa ya chini ya shule za msingi, na mwaka 2003 iliondolewa katika madarasa yote ya msingi, hata wanafunzi wakaongezeka kwa mwaka mmoja kutoka karibu milioni 6 hadi zaidi ya milioni 7. Chekechea haikuguswa. Wazazi wengi maskini waliona ni afadhali mtoto aruke chekechea yenye karo, angoje darasa la kwanza lisilo na karo.

Lakini je, alipofika darasa la kwanza alikutana na nini? Shule nyingi zilikuwa na desturi, ambayo Wizara iliikataza, ya kumpa mtoto wa miaka 6 mtihani kabla ya kumpokea. Aliyepita chekechea alijua kushika kalamu, asiyepita hakujua. Yule wa pili alihesabiwa kuwa mjinga, hali kosa lake lilikuwa umaskini wa baba yake. Hivyo rangi ilipoondoka mlangoni, karo ilichukua kiti chake.

Mtenganishi wa pili alikuwa lugha. Mwaka 1976 Tume ya Gachathi ilishauri kwamba katika madarasa ya mwanzo mtoto afundishwe kwa lugha itumiwayo na watu wa mahali pale, na palipo na mchanganyiko wa makabila, kama mijini, itumiwe lugha ya Kiswahili. Kwa mahali kama Langas ushauri huo ulikuwa kama kiatu kilichopimwa mguuni. Lakini wazazi walitaka Kiingereza, kwa kuwa Kiingereza ndicho kilichotoa vyeo, na shule nyingi ziliwafuata wazazi. Katika shule za Kenya, tangu wakati wa ukoloni, ilikuwako desturi ya kumvika kibao cha aibu mtoto aliyesikiwa akinena lugha ya mama yake. Mtoto huyo alijifunza Kiingereza kidogo siku ile, na alijifunza zaidi kwamba maneno ya mama yake ni uchafu. Akiisha kuamini hivyo juu ya lugha yake, haoni vigumu kuamini hivyo juu ya lugha ya jirani.

Mtenganishi wa tatu ni dhana, yaani kumhukumu mtu kabla ya kumjua. Huyu ni hatari kuliko wale wawili, kwa sababu hana sheria ya kufutwa wala karo ya kuondolewa. Katika Marekani, wataalamu wawili, Kenneth Clark na mkewe Mamie, waliwaonyesha watoto weusi wa miaka 3 hadi 7 wanasesere waliofanana kwa kila kitu ila rangi. Wakawauliza ni yupi mzuri, na ni yupi wapendaye kucheza naye. Wengi walimchagua mwanasesere mweupe, wakamwita mweusi mbaya, hali walijua kwamba wao wenyewe wamefanana naye. Ushahidi wa namna hiyo uliwekwa mbele ya Mahakama Kuu ya nchi hiyo, ambayo mwaka 1954 ilihukumu kwamba kutenga shule kwa rangi ni kinyume cha katiba. Watoto wale hawakuwa wamesoma kitabu chochote cha ubaguzi. Waliuvuta kama hewa.

Katika Langas hewa hiyo hutoka mezani pa watu wazima. Mzazi akisema mbele ya mtoto kwamba kabila fulani ni wezi, jingine ni wachafu, na jingine ni wageni wasio na haki ya ardhi, yeye hudhani amesema na mwenziwe. Mtoto ameketi pembeni akila uji, na masikio yake hayana kifuniko.

Tufanye hesabu ndogo. Mwaka 1992 mapigano ya kikabila yaliwaka katika sehemu za Bonde la Ufa, na Burnt Forest, isiyo mbali na Eldoret, ikawa mojawapo. Mtoto aliyekuwa na miaka 4 wakati ule, umri wa chekechea, alikuwa na miaka 19 ghasia za uchaguzi zilipozuka mwishoni mwa mwaka 2007. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliopoteza maisha, na wengine zaidi ya 300,000 walihama makwao. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa lililojaa watu waliokimbia lilichomwa moto huko Kiambaa, karibu na Eldoret, na wengi wa waliokufa walikuwa wanawake na watoto. Katika Langas pia nyumba zilichomwa, na majirani waliochota maji bomba moja walikimbiana. Maelfu walilala katika uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Eldoret. Sisemi kwamba chekechea zilileta moto huo. Ulikuwa na sababu nyingi: siasa, ardhi, na ukosefu wa kazi. Nasema tu kwamba vijana walioitwa kuuwasha hawakuanza siku ile kujifunza ni nani adui. Walikuwa na miaka 15 ya mafunzo.

Huenda mtu akapinga akisema, "Watoto wadogo hawajui kabila; tusiwaamshe kwa kulitaja." Neno hili lina wema ndani yake, lakini si kweli. Mtoto huona tofauti zote: rangi, jina, matamshi, mguu uliopooza. Tukinyamaza hatumwachi bila jibu; twamwacha na jibu la yule asiyenyamaza. Mwingine husema, "Kila kabila liwe na shule yake, ili lilinde mila zake." Mila ni mali, na ni haki kuilinda. Lakini mila iwezayo kuishi tu pale ambapo hakuna jirani ni dhaifu. Na katika Langas hakuna mahali pasipo jirani.

Wa tatu husema, "Mlango sasa uko wazi kwa wote, usawa umepatikana." Huyu tumjibu kwa utulivu, maana usawa na insafu si kitu kimoja. Mwalimu akiwapa watoto 30 kibaba kimoja kimoja cha uji, ametenda usawa. Lakini kama mmoja wao hakula tangu jana, na mwingine ametoka kwao ameshiba, na wa tatu hawezi kushika kikombe kwa kuwa mikono yake ina kilema, insafu humtaka mwalimu atazame zaidi ya kibaba. Usawa hupima kinachotolewa. Insafu hupima kinachofika. Mtoto asiyeona, asiyesikia au asiyetembea aweza kukaa mbele ya mlango ulio wazi kabisa na asiingie.

Haifai kuficha mema yaliyotendeka. Katiba ya mwaka 2010 ilimpa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, ikakataza ubaguzi wa kabila, rangi, dini, jinsia na ulemavu, na ikaweka elimu ya awali chini ya serikali za kaunti, zilizoanza kazi mwaka 2013. Kaunti zilijenga madarasa na kuajiri walimu, pahali ambapo kwa miaka 50 palikuwa na michango ya wazazi tu. Mwaka 2019 mtaala mpya uliingia nchini kote, ukiiweka miaka miwili ya awali kuwa sehemu kamili ya elimu ya msingi. Mwezi Agosti 2024 Eldoret ilitangazwa kuwa jiji. Na mtoto aliyekuwa na miaka 4 wakati wa moto wa 2008 alitimiza miaka 20 mwaka huo huo. Ninyi vijana msomao maneno haya mlizaliwa baada ya moto ule, au moshi wake ukiwa bado hewani. Mwenendo wenu ndio utakaoonyesha kama hesabu ile ya miaka 15 itarudiwa au itakatwa.

Baadhi yenu mtakuwa walimu, na karibu nyote mtakuwa wazazi. Katika chuo cha ualimu wanafunzi wetu hupenda kuuliza ni kitabu gani kifundishacho kuondoa ubaguzi. Vitabu vipo, na visomwe. Lakini kazi yenyewe ni ya mambo madogo yafanywayo kila siku. Mwalimu wa chekechea na ajifunze kulitamka jina la kila mtoto kama mama yake alitamkavyo, wala asilifupishe kwa sababu linamwia gumu. Na awaombe wazazi wamfundishe wimbo mmoja wa kulelea mtoto kutoka kila nyumba, kisha darasa zima liimbe zote. Na atazame wakati wa mchezo ni nani asimamaye peke yake ukutani, akamtafutie mwenzi. Na asikiapo neno la dharau katika kinywa cha mtoto, asimpige, bali amuulize kwa upole, "Ulimwona nani akifanya hivyo?" Mara nyingi mtoto atafikiri, ataona kwamba hakumwona mtu yeyote, na ataanza kulitilia shaka neno aliloliazima.

Mambo hayo hayahitaji mabati wala saruji. Tangu walowezi walipopima mashamba kwa nambari hadi leo, serikali zimefunga milango na nyingine zimeifungua, na yatupasa kudai kwamba izidi kufunguliwa, hasa ule wa kwanza, ambao kila mara umeachwa wa mwisho. Lakini mtoto wa Langas akiisha kuvuka kizingiti asubuhi, hakuna sheria iketiyo naye darasani. Yupo mwalimu, na daftari la majina, na watoto wengine wakingoja kusikia jina la mgeni litaitwaje.